Gitaa la zamani la bei kali: thamani iko wapi, na ukavu wa Dodoma je?

Swali: Wakuu, Gibson Les Paul ya 1959, gitaa la umeme la Kimarekani, inauzwa bei ya nyumba kadhaa za Area D hapa Dodoma. Ni mbao tu au kuna kingine? Na ikiletwa Dodoma kiangazi hiki itapona?

Jibu 1: Mkuu, zile za rangi ya machweo (sunburst) zilitoka 1958 hadi 1960 tu na hazikuuzika sana, ndiyo maana ni adimu. Kinacholipiwa ni uhalisi: pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za awali, lehemu isiyoguswa, vanishi ya nitro (nitroselulosi) yenye nyufa nyembamba. Ikipakwa rangi upya, thamani hushuka takriban nusu, hata kama inang'aa kama mpya.

Jibu 2: Ukavu ndio adui. Mbao husinyaa, chuma hakisinyai, hivyo ncha za freti (vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) huchomoza pembeni mwa shingo na kukwaruza kidole. Gitaa la akustika, lisilo la umeme, huumia zaidi, uso hupasuka. Unyevu wa hewa uwe 45–55%. Lilaze kwenye sanduku gumu pamoja na kipima unyevu na kikasha cha sabuni kilichotobolewa, ndani sponji iliyokamuliwa kabisa. Ikidondosha maji umeharibu vanishi. Stendi ya mpira usiiguse, mpira hula nitro.

Jibu 3: Na mvuto wenyewe mmeuruka. Shika shingo iliyolainishwa na viganja kwa zaidi ya miaka 60, utaelewa. Ila likiwa na mbao ya rosewood ya Brazili, CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) inaidhibiti tangu 1992: bila kibali, usivuke nalo mpaka.