Nimeachishwa kazi, SHA (bima ya afya ya serikali) ya watoto inakuwaje?

Mama Kayole: Habari wazazi wenzangu, naombeni msaada. Kontrakti yangu huku Industrial Area iliisha na sasa nauza mitumba. Nikiwa kazini nilikuwa nakatwa ile 2.75% ya mshahara na watoto wako chini yangu. Mdogo ana pumu, juzi amebanwa kifua tukaambiwa alazwe, kuangalia kwa kompyuta ati malipo hayako sawa. Kwani bima ya mtoto inakatika juu mimi nimetoka kazi? Na naambiwa nilipe ya mwaka mzima mara moja, nitoe wapi na kodi imenilemea?

Jirani wa Umoja: Pole sana mama, mtoto ashike nafuu. Mtoto hana malipo yake, anasimama kwa jina lako, yako ikikwama na yake imekwama. Ukiwa umeajiriwa mdosi anapeleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ukitoka unahesabiwa pamoja na watu wa jua kali. Ingia *147# kwa simu ujibu yale maswali ya nyumba, maji, mnapikia nini, halafu upigiwe hesabu. Haishuki 300 kwa mwezi, so kwa mwaka ni 3,600 kwenda juu. Jibu vile uko sasa, si vile ulikuwa na mshahara. Kama huna zote kwa pamoja uliza Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka unarudisha kidogo kidogo.

Nesi Kasarani: Niongezee hapo. Dispensari na kituo cha afya, yaani level 2 na 3, hawaangalii kama umelipa, ukishajisajili inatosha, hiyo inalipwa na mfuko wa afya ya msingi. Akianza tu kukohoa mpeleke huko mapema, usingoje usiku. Kulazwa ndio kunataka malipo yawe yamekamilika. Baba yao ameajiriwa? Watoto wanaweza kuandikwa kwake.

Kamau254: Hii kitu inaniuma sana. Enzi za NHIF, ile bima ya kabla ya SHA, mtu wa jua kali alikuwa analipa 500 kila mwezi, hata kwa shida unaokota. Mtu wa kibarua anapata pesa ya siku, ya mwaka ataiona wapi? Leo uko na mshahara, kesho huna, baadaye unapata kazi ya miezi mitatu, na kila ukihama mtoto anahamishwa na wewe wakati pumu yake iko palepale. Marekani tangu Januari 2024 sheria inasema mtoto akishaingia Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, anakaa miezi 12 hata mapato ya mzazi yakibadilika. Wabunge wetu wanaweza kuandika hivyo pia, mtoto akishasajiliwa asiguswe mwaka mzima.

Mama Kayole: Mungu awabariki. Baba yao ameajiriwa Mombasa na anakatwa, wacha nimpigie saa hii awaandike kwake. Shida mdogo hana cheti cha kuzaliwa.

Nesi Kasarani: Anza hicho leo, unaomba kwa eCitizen. Ukikwama tembelea Huduma Centre ukiwa na ile karatasi ya hospitali alikozaliwa.