Nimepanga skripti ijiendeshe usiku, asubuhi nakuta haijafanya kitu

msahaulifu
Wakuu salaam. Naombeni msaada maana hii kitu imenishinda tangu wiki iliyopita. Nina skripti ndogo ya bat (faili la amri za Windows) inayotumia robocopy, programu ya kukopi ya Windows, kazi yake ni kukopi folda ya ripoti kutoka kwenye laptopu kwenda Z, ambayo ni folda iliyoko kwenye seva. Nikiibofya mwenyewe haina shida, dakika moja imemaliza, inaniambia nibonyeze kitufe chochote, nabonyeza naenda zangu. Sasa nikaona kwa nini nihangaike kukumbuka kila siku na mimi kusahau ndo jadi yangu, nikafungua Task Scheduler ya Windows nikaipanga saa tano usiku, nikachagua iendeshwe hata kama sijaingia kwenye akaunti. Asubuhi nakuta imeandika "Running". Running ya nini tangu saa tano?? Kwenye Last Run Result kuna 0x41301 na kule Z hakuna faili jipya hata moja. Usiku uliofuata ndo hata haikuanza. Nimekosea wapi?

kidole_kimoja
Umejijibu mwenyewe mkuu 😂 "inaniambia nibonyeze kitufe chochote". Hiyo ni amri ya pause uliyoweka mwishoni mwa skripti, sasa saa tano usiku atabonyeza nani? Kazi ikiendeshwa kwa huo mtindo uliochagua dirisha lake halitokei kabisa, hata uwe umeikodolea macho skrini huwezi kuliona, kwa hiyo skripti imekaa inasubiri kidole ambacho hakiji. 0x41301 sio kosa, maana yake kazi bado inaendelea. Na usiku wa pili haikuanza kwa sababu ya kwanza haijaisha, ukiacha mipangilio ilivyo huwa haianzishi nyingine juu ya ile inayoendelea. Ungeiacha hivyohivyo ingekaa siku 3 ndo Windows iikatishe yenyewe. Futa pause, isimamishe kwa End, halafu jaribu tena.

mama_logu
Pause ni kweli ila ukiitoa bado utakwama mbele kidogo. Z unaiona wewe kwa sababu umeingia kwenye akaunti yako na Windows ikakuunganishia, kazi inayojiendesha yenyewe haiingii kwa mlango huo kwa hiyo kwake hakuna kitu kinaitwa Z. Kwenye skripti andika njia nzima ya seva, mfano

robocopy "C:\Ripoti" "\\seva\nakala\ripoti" /E /R:2 /W:5 /LOG+:C:\Logu\nakala.txt

Hizo R na W usiziache. Bila hizo robocopy ikikuta faili limefungwa inarudia mara milioni 1 na kila mara inasubiri sekunde 30, sitanii, ndo ilivyowekwa. Logu nayo (faili la kumbukumbu ya kilichofanyika) ni lazima, kama dirisha huoni utajuaje kilichotokea?

Halafu angalia kama uliweka tiki kwenye "Do not store password". Ukiiweka, kazi inafikia vitu vya ndani ya kompyuta tu, seva haigusi. Itoe, itakuomba paswedi, na hapo weka paswedi ya akaunti yenyewe sio ile PIN ya kufungulia laptopu. Wengi wanagonga PIN mara kumi halafu wanasema Windows mbovu.

betri_chini
Umesema laptopu, basi fungua sehemu ya Conditions. Kuna tiki iko pale tangu mwanzo inayosema kazi ianze tu kompyuta ikiwa kwenye chaji. Mimi ilinila mwezi mzima maana huwa nachomoa waya jioni. Na kama huwa inalala, hapohapo kuna ya kuiamsha, halafu nenda sehemu ya Settings ya kazi hiyohiyo uweke tiki ile ya kuendesha kazi mapema iwezekanavyo kama muda wake ulipita, hiyo yenyewe haijawekwa.

msahaulifu
Duh, yote matatu yalikuwa kwangu. Pause nimetoa, Z nimetoa, waya nao nilikuwa nachomoa. Jana usiku mafaili yameenda kweli, nimeyafungua nimeyaona kwa macho yangu. LAKINI sasa Last Run Result imeandika 0x1 na nikitafuta naambiwa hilo ni kosa. Kosa gani tena na kazi imefanyika?

mama_logu
Hiyo ni robocopy mwenyewe na tabia zake. Programu nyingi 0 ni salama na nyingine yoyote ni kosa, yeye 0 maana yake hakukuwa na cha kukopi, 1 ni amekopi vizuri, na kuanzia 8 kwenda juu ndo kuna kilichoshindikana. Task Scheduler haijui hayo, inapokea namba inaionyesha kama ilivyo. Ongeza mistari hii miwili chini kabisa ya skripti, ili 8 kwenda juu itoke kama 1 na nyingine zote zitoke kama 0:

if %ERRORLEVEL% GEQ 8 exit /b 1
exit /b 0

Usiweke amri nyingine katikati yake na robocopy maana namba itabadilika.

kidole_kimoja
Na asije mtu akakushauri uweke /MIR badala ya /E (ile ya kukopi pamoja na folda za ndani) bila kukwambia inafanya nini. Inafanya kule kufanane na huku, pamoja na KUFUTA. Mimi nilihamisha folda ya picha nikaacha ya zamani tupu, nikasahau kuwa kuna kazi inajiendesha kila usiku, ikaenda ikakuta huku tupu na kule ikafanya tupu. Na Last Run Result ilikuwa safi kabisa, maana kazi ilifanyika kama nilivyoiagiza.

mti_wa_pengwini
Sisi wa Linux tunaandika mstari mmoja kwenye crontab, orodha ya kazi za kujiendesha, tunalala 😎

mama_logu
Na ukiweka alama ya asilimia kwenye huo mstari bila mkwaju wa nyuma (\) mbele yake, cron, programu inayosoma hiyo orodha, inaikata amri hapohapo, hasa mkiandika tarehe kwenye jina la faili. Lala vizuri.

msahaulifu
Mrejesho wakuu. Siku tatu 0x0 safi, leo 0x1 imerudi. Nikafungua logu, faili moja tu limekataa, ni lile la pst la Outlook, linalohifadhi barua pepe, niliiacha Outlook wazi jana. Mengine yote yameenda. Naanza kupenda hii logu.