Naombeni ushauri: nichukue picha hii ya Gillray ya 1792?

Mtanga_Ughaibuni: Wakuu, niko London. Kuna mzee anauza picha ya James Gillray, mchora vibonzo wa Uingereza wa zamani, ile ya mwana wa mfalme aliyevimbiwa. Kitambi kinataka kukata vifungo vya kizibao, jamaa anachokonoa meno kwa uma, na hati za madeni zimelaliwa na chungu cha mkojo. Chini pameandikwa 2 Julai 1792. Anataka pauni 900. Nichukue?

MamaKarafuu: Tarehe isikuzuzue. Imechongwa kwenye bamba la shaba, maana sheria ya 1735, aliyoipigania mchoraji Hogarth, ilidai jina la mwenye kazi na tarehe. Bamba hilo ukilichapa hata leo, litakusomea 1792. Nyuma ya karatasi kuna nini?

Mtanga_Ughaibuni: Nyuma kawaida tu. Mimi nauliza bei.

Kijiwe_Nongwa: Mrithi wa kiti anachorwa hivyo, na mchoraji analala kwake?

MamaKarafuu: Alikamatwa 1796 kwa picha nyingine, kesi ikayeyuka. Mwaka uliofuata serikali ya waziri mkuu Pitt ikaanza kumlipa pauni 200 kwa mwaka.

Kijiwe_Nongwa: Kumbe uchawa haujaanza leo 😂

Babu_Saa: Mjomba wangu aliuziwa saa ya ukutani "ya enzi za Mjerumani". Kufungua nyuma, betri mbili.

MamaKarafuu: Mwanangu, nimekuuliza nyuma.

Mtanga_Ughaibuni: Haya mama. Kuna picha nyingine, wazee wa mawigi wanazozana. Mzee kasema karatasi zilikuwa ghali. Halafu nimeshatoa kianzio, 300.

MamaKarafuu: Basi hiyo ni ya mchapishaji Bohn, 1851. Aliyanunua mabamba akachapa pande mbili, bila rangi, Gillray yuko kaburini tangu 1815. Zilizotoka dukani kwa Hannah Humphrey, mchapishaji wa Gillray mwenyewe, zilichapwa upande mmoja, nyingi zikapakwa rangi kwa mkono. Yako ina rangi?

Mtanga_Ughaibuni: Inang'aa kabisa. Na bamba si lile lile? Mkono si wa Gillray yule yule?

MamaKarafuu: Bamba lile lile, rangi ya juzi. Si feki, ila 900 hapana.

Ustadh_Wa_Bure: Hela yenyewe ya nani?

Mtanga_Ughaibuni: Ya upatu. Zamu yangu, sijaiba.

Ustadh_Wa_Bure: Na wenzio wanasubiri michango yako, wewe unanunua kitambi cha mfalme.

Nyuki_Mkali: Chai hii. Mtu wa upatu na Gillray wapi na wapi? Huyu ndiye muuzaji, anapima upepo.

Mtanga_Ughaibuni: Mkuu, nimeleta shida unaniita tapeli?

Babu_Saa: Kama ndiye muuzaji, 150 nachukua. Naitaka ile ya nyuma.