Dirisha la vioo vya rangi lenye mbuyu wa kiangazi: vioo vinapasuka kwenye panda

Mpenda Mibuyu
Habari zenu, ndugu. Ninatengeneza dirisha la sebuleni lenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90, na ningependa lioneshe mandhari ya huku kwetu Dodoma wakati wa kiangazi: mbuyu uliopukutika majani, majabali, na vilima vya mbali vinavyofifia katika vumbi. Nimenakili picha niliyoipiga njia ya Hombolo, lakini kila ninapokata shina na matawi yake mawili kama kipande kimoja, kioo kinapasuka palepale kwenye panda. Nimeshapoteza vipande vinne. Aidha, dirisha linatazama magharibi na kioo cha samawati nilichokipata kwa ajili ya anga ni hafifu mno, kiasi kwamba ninaona tangi la maji la jirani kuliko ninavyoiona anga. Nirekebishe nini?

Fundi Almasi
Pole sana. Kosa halipo mkononi, lipo kwenye mchoro. Almasi ya kukatia kioo haikikati hasa. Inakichana juu tu, kisha kioo huvunjika kwa kuufuata mchano ule, nacho hupenda njia iliyonyooka. Kona kali inayoingia ndani ya kipande haivunjiki vizuri kwa mkono, hata fundi awe mzoefu namna gani. Kwa hiyo tenganisha shina na matawi kwa mstari wa risasi (ule ukanda wa metali laini unaounganisha vipande vya vioo) papo hapo kwenye panda, na pale ncha ya tawi inapochoma anga, endeleza mstari kutoka kwenye ncha hadi ukingoni, ili anga isilazimike kulizunguka tawi. Mbuyu usio na majani unakurahisishia kazi, maana risasi yenyewe inaweza kuwa tawi: tumia pana karibu na shina, nyembamba kadiri unavyopanda. Vijiti vidogo usivikate kabisa. Vichore kwa rangi ya unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma, ambayo huchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto zaidi ya 600 ili ishikane na kioo. Rangi ya kawaida ya dukani itabanduka kwa jua letu hili.

Mchoraji wa Kikuyu
Nakubaliana na Fundi, nami niongezee kuhusu umbali. Karakana ya Louis Comfort Tiffany kule New York, ambako Agnes Northrop alibuni madirisha mengi ya mandhari, ilikuwa ikipanga vioo tabaka mbili au zaidi, kimoja nyuma ya kingine, ili milima ionekane imezama katika ukungu. Walipendelea kioo chenye mawingu kama maziwa, ambacho msanii John La Farge alikipatia hataza ya kukitumia madirishani huko Marekani mwaka 1880. Kioo cha namna hiyo hutawanya mwanga badala ya kuupitisha moja kwa moja, kwa hiyo kitaing'arisha anga yako na kulificha tangi la jirani. Kwa vumbi letu, jaribu kioo cha kahawia hafifu nyuma ya vilima vya zambarau. Kabla ya kufunga chochote, bandika vipande kwenye dirisha lenyewe na uvitazame saa kumi alasiri. Kama una nafasi upande wa kaskazini, hamishia huko: mwezi Juni jua letu hupita upande huo, yaani katika kiangazi hichohicho unachokichora.

Fundi Almasi
Tabaka mbili ni uzito. Risasi ni laini, na bila ufito wa chuma uliokingama kwa nyuma na kufungwa kwa waya wa shaba, dirisha litatoa kitambi. Risasi pia ni sumu: nawa mikono kabla ya kula na usifanyie kazi hiyo mahali wanapochezea watoto.

Mpenda Mibuyu
Nashukuru sana. Kaskazini kuna ukuta, hivyo nitabaki magharibi na kioo cha maziwa. Huo ufito niupitishe wapi usije ukakata vilima?

Fundi Almasi
Pale pale vilima vinapokutana na anga. Hakuna atakayeuona.