Naomba ushauri: filamu ya kuonya vijana juu ya wizi wa motokari

Jambo ndugu na dada. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Pamoja na vijana wa parokia tunataka kupiga filamu ya dakika 5 kuonya watoto wa miaka 14 hadi 17 juu ya wizi wa motokari. Mwaka jana kijana wa avenue yetu alichukua gari la jirani, eti kutembea tu na wenzake. Waligonga ukuta. Mpaka leo anachechemea, na mama yake aliuza kiwanja ili alipe. Huyo mama ananiumiza roho sana. Nataka filamu ianze kwake, lakini wenzangu wanataka mbio na polisi. Naogopa watoto watapenda mbio, wasahau onyo. Mungefanya namna gani? Ule wizi wenyewe tuuonyeshe, ao tuuache?