Nani kati ya ndugu zako alikufanya uwe hivyo ulivyo? Tupeane uzoefu

Wa Katikati (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Jana asubuhi nimekaa mlangoni namsubiri binti yangu wa miaka sita afunge kamba za viatu. Kitanzi anakitengeneza kwa mkono wa kushoto, kamba ya pili anaizungusha kwa wa kulia, ulimi umetoka pembeni. Sasa huyu mtoto si wa kushoto. Anaandika kwa kulia, anarusha mpira kwa kulia. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema kaka. Kaka yake naye ni wa kulia, na yeye nilimfundisha mimi. Na mimi nilifundishwa na dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mtu wa kushoto pekee katika ukoo wetu. Alinikalisha kwenye ngazi nikiwa na miaka mitano akaniambia "fanya kama mimi", nami nikafanya kama yeye. Miaka thelathini imepita, watu watatu wa mkono wa kulia tunafunga viatu kikushoto.

Nikabaki najiuliza ni kipi kingine nilichobeba kwake bila kujua. Kununa badala ya kugomba? Kulala taa ikiwaka? Wazazi tunawapa sifa zote na lawama zote, lakini nikihesabu saa zangu za utotoni, nyingi nilikuwa na dada kuliko na mama.

Basi leteni yenu, mazuri, mabaya na ya kuchekesha. Nadharia si mbaya, ila ije na kisa.

Kifungua Mimba Halisi

Mkubwa wa wanne hapa. Nyumbani nilikuwa "mwalimu": ubao ni mlango wa kabati, wanafunzi watatu, mmoja wao anatambaa na anakula chaki.

Siku moja anayenifuata akaniuliza kwa nini ukigawanya sehemu kwa sehemu unaipindua ile ya pili kisha unazidisha. Nikamjibu "ndivyo ilivyo, andika". Akaweka penseli chini: "Mwalimu wa kweli angejua." Nilikasirika mno. Nikaenda chumbani, nikakata karatasi nusu, robo, thumni, nikawa nahesabu robo ngapi zinaingia kwenye nusu mpaka nikaiona. Nilirudi kumweleza kwa kiburi, kumbe aliyekuwa amefundishwa ni mimi. Leo nalipwa kufundisha hesabu, na karatasi nakata zilezile.

Mwaka 2007 watafiti wa Norwei walitoa matokeo ya vipimo vya akili vya vijana zaidi ya 240,000 walioingia jeshini. Vifungua mimba waliwapita wa pili kwa pointi mbili hivi. Lakini wa pili ambaye mkubwa wake alifariki akiwa mchanga, akalelewa kama mkubwa, alipata sawa na vifungua mimba. Kwa hiyo si suala la tumbo, ni kiti ulichokalia nyumbani. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alikuwa ameshasema miaka mingi kabla kwamba mkubwa hunufaika kwa kuwa ndiye anayeulizwa maswali. Kwangu imekaa vilevile.

Mziwanda Sugu

Pointi mbili tu, mnatembea vifua mbele!

Mwaka 2015 ulitoka utafiti mwingine wa watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Hayo maneno kwamba mkubwa ndiye anayejua wajibu na mziwanda ni mdekaji hawakuyaona. Nafasi ya kuzaliwa haikuacha alama ya maana kwenye tabia. Kwa hiyo tuacheni tupumue.

Na msidhani mlitufundisha pale kwenye mlango wa kabati. Mimi nilijifunza kwa kumtazama kaka akikamatwa. Akichelewa kurudi alikuwa anasukuma mlango polepole, bawaba zinalia mlio mrefu, mzee anaamka. Mimi nimelala kitandani nasikiliza, nina miaka tisa, sina hata pa kwenda. Zamu yangu ilipofika nilikuwa najua kwamba ule mlango unaunyanyua kidogo kwanza, ndipo unasukuma. Sikuwahi kukamatwa. Mama mpaka leo anasema mimi ndiye mtoto aliyetulia.

Kifungua Mimba Halisi

@Mziwanda Sugu kumbe ndiyo maana! Mdogo wangu naye "alitulia".

Mhasibu wa Kuchelewa

Huu uzi umenigusa pabaya, nitaandika kirefu.

Tuko wawili, mimi na dada yangu, tumepishana mwaka mmoja na miezi. Yeye alianza kusoma mapema, mimi nilianza kukimbia mapema. Hapo ndipo tulipogawanywa. Wageni wakija mama anatutambulisha: "Huyu ndiye kichwa, huyu ndiye miguu." Watu wanacheka, nasi tunacheka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Lakini mtoto akishapewa jina analivaa. Nilipofika darasa la tano nikawa napata hesabu vibaya, na sikuumia hata kidogo, kwa sababu hesabu zilikuwa za dada. Nikipata mbaya nyumbani wanasema "si mbaya, wewe una riadha". Nakumbuka mtihani mmoja swali la mwisho nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalijua kabisa! Nikaliacha wazi. Siwezi kulieleza vizuri hata leo, ilikuwa kama kuvaa nguo ya mtu bila ruhusa.

Goti likaharibika nikiwa na miaka kumi na tisa. Miguu ikaisha, na kichwa nimeshakigawa. Nilihangaika na kazi za hapa na pale hadi nina miaka thelathini na nne, ndipo bosi akanibandika kwenye vitabu vya hesabu kwa sababu mhusika aliacha kazi ghafla. Wiki ya tatu namwona bosi ananiangalia kwa jicho lingine. Sasa hivi ni mhasibu.

Nikampigia dada kumwambia nimefaulu mtihani wa uhasibu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Unajua mimi nilitaka kukimbia?" Alikuwa anaamka alfajiri peke yake anakimbia kuzunguka nyumba kabla hatujaamka, kisha anarudi kulala ili asionekane. Kwa nini? "Kukimbia kulikuwa kwako."

Kuna watafiti waliolipa jina jambo hili, ndugu kujitofautisha makusudi ili kila mmoja awe na uwanja wake. Wanasema huwa kali zaidi kwa waliofuatana karibu na wa jinsia moja. Hapo wametuchora sisi. Mimi ninachosema ni kwamba sisi hatukujigawia viwanja, tuligawiwa, sisi tukaweka uzio.

Wa Katikati (mleta uzi)

@Mhasibu wa Kuchelewa nimesoma hapo pa kukimbia alfajiri mara tatu. Wiki hii nimewaita wanangu "mpole" na "mtundu" mbele ya jirani. Naacha leo.

Mama Wawili

Naomba kuuliza wenye uzoefu. Mtoto wangu mdogo ana miaka miwili na nusu, maneno machache sana. Mkubwa alipokuwa umri huo alikuwa anahutubia. Nimegundua mdogo akinyoosha kidole tu, dada yake anasema "anataka maji", na kweli anataka maji. Je, mkubwa anamharibu?

Kifungua Mimba Halisi

@Mama Wawili hamharibu, ila anamfanyia kazi. Mtoto wa pili mara nyingi huanza na maneno machache kidogo kuliko mkubwa alivyokuwa, kwa sababu mkubwa alikupata peke yako. Upande mwingine wa pili anawasikia mkizungumza ninyi wawili, kwa hiyo "mimi" na "wewe" huzishika haraka. Jaribu kumtuma mkubwa kitu wakati mdogo ananyoosha kidole, kisha subiri. Subiri kweli, hata ukihisi ni kirefu.

Lakini miaka miwili na nusu na maneno machache sana, mpeleke akapimwe masikio na aonwe na mtaalamu wa lugha. Usingoje kwa sababu una maelezo mazuri ya dada mtu.

Ulimi wa Pili

Hapo kwenye masikio naomba niingie.

Kaka yangu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Wazazi hawakuwahi kujifunza lugha ya alama vizuri. Walijua "njoo", "kula", "acha", "lala". Mimi nilizaliwa nikakuta mikono inaongea, nikaongea kwa mikono kabla ya mdomo. Nilipofika miaka saba nilikuwa mkalimani wa nyumba nzima.

Baba alikuwa mkali. Anakaa kwenye kiti chake, anatoa maneno mazito, halafu ananigeukia: "Mwambie." Kaka ananikazia macho. Na mimi, mtoto wa miaka saba, natafsiri: "Baba anasema umekosea. Ila amechoka, hajala." Hiyo ya kuchoka nimeiongeza mwenyewe. Kaka anajibu kwa mikono mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mimi namgeukia baba: "Anasema samahani." Waliishi hivyo miaka kumi, kila mmoja akiamini mwenzake ni mtu mwelewa.

Nimekuwa mtu wa kusuluhisha. Kazini wakigombana wananiita. Faida yake hiyo, na hasara yake ni kwamba mimi mwenyewe nikiulizwa "wewe unataka nini" nakwama, nageuka nyuma kutafuta nani nimtafsirie.

Kaka alinifichulia tukiwa watu wazima kwamba alikuwa anajua. Alikuwa anasoma uso wa baba. Uso haukuwa wa mtu anayesema "nimechoka".

Nafuatilia Tu

Mimi mtoto wa pekee, nimeweka kambi hapa. Sijui niwaonee wivu au nishukuru.

Nyayo

Shukuru kidogo.

Wote mnaleta malaika, basi mimi nilete wangu. Kaka yangu alinipiga kuanzia nina miaka sita hadi nilipomzidi urefu. Si ugomvi wa kugombea kiti, kupigwa, na kudhalilishwa mbele ya rafiki zake. Nikisema, najibiwa ni utoto, ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Wazee walishika majembe kweli, wakalima miaka minane.

Nilijifunza kusoma nyayo. Kisigino kikitangulia kwa nguvu amekasirika, akiburuza yuko sawa. Mpaka leo mtu akipanda ngazi ofisini najua hali yake kabla hajafika, na moyo unanienda mbio hata kama ni mtu mwema.

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo baada ya kufuatilia maelfu ya watoto. Waliokuwa wakionewa na ndugu mara kadhaa kwa wiki wakiwa na miaka kumi na miwili, walipofika kumi na minane hatari yao ya kuwa na sonona ilikuwa karibu mara mbili ya wenzao. Nilipoisoma nilimtumia mama. Hakujibu. Kaka alijibu, maana mama alimpelekea. Aliandika: "Na mimi nani alinipiga, umewahi kuuliza?"

Sijawahi. Bado sijauliza.

Mhasibu wa Kuchelewa

@Nyayo pole sana ndugu. Si lazima uulize kama hujawa tayari.

Pacha B

Yangu fupi. Mimi na pacha wangu tulikuwa na maneno yetu ambayo hakuna mwingine aliyeyaelewa, yakaisha tulipoanza shule. Limebaki moja, maana yake ni "tuondoke hapa sasa hivi". Limetuokoa kwenye sherehe nyingi. Silitaji.

Wa Katikati (mleta uzi)

Nimempigia dada, nikamsomea baadhi ya visa vyenu, kisha nikamweleza ile ya viatu, kwamba fundo lake limefika hadi kwa binti yangu. Nilitarajia atafurahi.

Akaniuliza, "Lile la kwenye ngazi?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema aliliacha tangu akiwa na miaka ishirini, lilikuwa linafunguka kila akitembea, akajifunza lingine kwa mtu kazini.

"Nyie bado mnafunga lile?"