Nimeitwa kazi ya dekini kwenye meli inayojipakua. Niende?

MtuWaKigoma: Wakuu, salaam. Niko Minnesota, grini kadi ninayo, mwaka wa tano huu nabeba maboksi ghalani. Sasa nimeitwa ubaharia kwenye Maziwa Makuu ya huku Marekani (siyo yetu). Meli ina futi 1,000, inatoa madini ya chuma Duluth kwenda Gary, Indiana. Wanasema inajipakua yenyewe. Kama inajipakua, mimi nalipwa kwa lipi? Halafu mke wangu anajifungua Julai, na ameshasikia habari za Edmund Fitzgerald, ile iliyozama Novemba 1975 na watu wote 29. Hapati usingizi.

KoleoMkononi: Hahaha! Kujipakua maana yake bandarini hapahitajiki kuli wala kreni. Sakafu ya ngama (chumba cha mzigo) ina milango. Ikifunguliwa, mzigo unaangukia mkanda ulio kwenye handaki chini kabisa, unapandishwa juu, unatokea kwenye mkono mrefu kama futi 250 na kumwagwa nchi kavu. Tani 60,000 zinaisha kwa saa kumi hivi. Milango inafunguliwa kwa mpangilio, la sivyo meli inalala upande. Na punje zinazomwagika kandokando ya mkanda zinazolewa kwa koleo na mpira wa maji. Hapo ndipo unapolipwa, mkuu. Pia utakalishwa kwenye kibao cha kamba, uning'inizwe ubavuni hadi gatini ukafunge meli. Mara ya kwanza nilifumba macho.

Mzee_wa_Gati: Fuatilia mapema cheti cha ubaharia cha Coast Guard (walinzi wa pwani wa Marekani) na TWIC, kadi ya kuruhusiwa kuingia bandarini na melini. Uzee wa meli usikutishe, maji ya ziwa hayali chuma kama maji ya chumvi. Meli ya huku iitwayo Arthur M. Anderson ni ya 1952. Wewe wa Kigoma unaijua Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, sina la kukufundisha.

MamaK: Kaka, mimi ni mke wa baharia wa huko, dhoruba niliizoea. Kilichonichosha ni simu kukatika katikati ya Ziwa Superior. Na kwa kuwa wanapakua haraka, wakifika bandarini hata hamuonani. Milango ya maji ya Soo, inayopitisha meli kutoka Superior, ikifungwa Januari 15, ndipo mume anakuwa wangu, mpaka Machi 25. Uliza siku za likizo.

MtuWaKigoma: Asante dada. Siku 60 kazini, 30 nyumbani. Nikianza Machi 25, Julai yote niko majini.

MamaK: Basi omba uanze mwishoni mwa Aprili. Hesabu tena.

MtuWaKigoma: Juni 24 niko nyumbani! Nawapigia kesho asubuhi.